Poka ya simu kwa mchezaji mdogo: jinsi ya kukuza chipu bila kuchoma mtaji

Kwenye stendi za bodaboda za Emali, Wote au Mwingi, ukitaja poka watu hufikiria kadi: karata za 2 na 3 za kumlisha mwenzako, J ya kuruka, K ya kurudisha, 8 na Q za kuuliza, na ole wako umalize bila kutangaza "niko kadi". Huo ni mchezo mtamu, lakini si tunaouzungumzia hapa. Poka inayochezwa kwenye mashindano ya mtandaoni huitwa Texas Hold'em, na anayeiingia kwa mazoea ya kadi humaliza pesa zake mapema. Makala haya ni ya mtu ambaye hajawahi kuicheza, au aliyejaribu mara kadhaa kwenye simu akabaki kujiuliza chipu zake zilikwenda wapi.

Mchezo wenyewe uko hivi. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano hufunuliwa katikati ya meza ili kila mtu azitumie: tatu kwa mpigo (hizo huitwa flopi), halafu ya nne, halafu ya tano. Kutokana na karata hizo saba, kila mmoja huunda mkono bora wa karata tano. Mkono wa chini kabisa ni karata kubwa pekee, halafu jozi moja, jozi mbili, tatu zinazofanana, tano zinazofuatana, tano za alama moja, tatu pamoja na jozi, nne zinazofanana, na juu kabisa tano zinazofuatana za alama moja. Katika kila hatua watu huweka dau. Zamu ikikufikia unaweza kutupa karata zako, kufuata (yaani kulipa dau lililopo) au kupandisha. Kama hakuna aliyeweka dau, unaruhusiwa kupitisha bila kulipa. Chipu zote zilizowekwa katikati tutaziita kapu.

Je, kwa nini usitupe tu karata mpaka upate nzuri? Kwa sababu kukaa mezani kuna kodi yake. Kila mkono unapoanza, wachezaji wawili walio kushoto kwa kitufe cha mgawaji (alama ya anayehesabiwa kuwa mgawaji wa mkono huo) hulazimika kuweka chipu kabla ya kutazama karata zao. Wa kwanza huweka blaindi ndogo, wa pili blaindi kubwa. Kitufe huzunguka meza, kwa hiyo zamu ya kulipa humfikia kila mtu. Isitoshe, kwenye mashindano blaindi hupanda kila baada ya muda, tuseme dakika 10, na kwenye mashindano ya haraka ni dakika 5 au chini ya hapo.

Tuchukue mfano. Unaanza na chipu 1,500 na blaindi ni 10 na 20. Gawanya 1,500 kwa 20: una blaindi kubwa 75, umeshiba. Saa moja baadaye bado una 1,500, hujapoteza hata chipu moja, lakini blaindi sasa ni 100 na 200. Gawanya tena: una blaindi kubwa saba na nusu, na kila mzunguko mmoja wa meza unakula chipu 300. Baada ya mizunguko mitano umekwisha bila kupigana. Kwa hiyo idadi ya chipu inayoandikwa kwenye skrini haikuambii chochote mpaka uigawanye kwa blaindi kubwa. Fanya hesabu hiyo kabla ya kutazama karata zako, kila mara. Wachezaji wengi wa meza ndogo hawaifanyi, na ndiyo sababu wanashindwa na watu wasiowazidi kwa bahati wala kwa akili.

Sasa tuje kwenye gharama. Chukua shindano dogo la watu tisa linaloanza viti vikijaa. Kiingilio ni shilingi 100. Kati ya hizo, 90 zinaingia kwenye zawadi na 10 ni ada ya mwenye meza. Tisa mara 90 ni 810. Mgawo wa kawaida wa meza kama hiyo ni asilimia 50, 30 na 20, yaani shilingi 405 kwa mshindi, 243 kwa wa pili na 162 kwa wa tatu. Wale sita wengine hawapati kitu.

Ongeza kodi. Tangu Julai 1, 2025, chini ya Sheria ya Fedha ya mwaka huo, kampuni yenye leseni ya Kenya hukata asilimia 5 ya pesa unazoweka kwenye akaunti yako ya kamari, na asilimia 5 nyingine ya pesa unazotoa. Ukituma 500, zinafika 475. Ukitoa 1,000, unapokea 950. Rudi sasa kwenye meza yetu ya watu tisa: ili kila mmoja awe na 100 kamili kwenye akaunti, lazima atume zaidi kidogo ya 105, na wote pamoja wametuma kama 947. Zawadi zote zikitolewa, baada ya kodi zinafika mifukoni 769 na senti. Yaani katika kila shilingi 100 zilizotoka mifukoni mwa wachezaji hao, karibu 19 hazirudi kwa yeyote, na hapo sijagusa ada za kutuma pesa kwa simu. Usipowashinda wenzako kwa tofauti inayozidi pengo hilo, unacheza kwa hasara hata siku unazojiona unashinda. Sisemi hivi kukutisha. Nasema kwa sababu watu huzungumza sana juu ya mikono waliyoshinda na hakuna anayehesabu ada.

Je, ni halali? Kamari nchini sasa iko chini ya Sheria ya Kudhibiti Kamari ya 2025, iliyotiwa saini na Rais William Ruto mwezi Agosti mwaka huo kuchukua nafasi ya sheria ya mwaka 1966. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza, na kampuni inayokubali pesa zako lazima iwe na leseni ya Kenya. Kabla ya kutuma hata shilingi 50, tafuta namba ya leseni sehemu ya chini ya ukurasa wa kampuni, kisha uilinganishe na orodha ya msimamizi wa serikali. Tovuti nyingi kubwa za poka duniani zina leseni za kwingine, kama Malta au Isle of Man. Ukikwama na pesa zako huko, hakuna ofisi ya Nairobi itakayokupigania.

Hilo si jambo la kufikirika. Aprili 2011 waendesha mashtaka wa Marekani walizishukia kampuni kubwa za poka ya mtandaoni. Mojawapo, Full Tilt, ilikutwa haina pesa za kutosha kuwalipa wateja wake, na wachezaji wa nchi nyingine walikaa mpaka Novemba 2012 ndipo wakaanza kuzifikia pesa zao, baada ya kampuni nyingine kuinunua. Kwa hiyo usigeuze akaunti ya poka kuwa benki. Ni kweli kodi hukatwa mlangoni, na anayeingiza na kutoa kila siku hulipa mara nyingi zaidi kuliko anayebakiza kidogo cha kuchezea. Lakini kidogo ni kidogo. Ya ziada itoe.

Kama hutaki kutoa pesa kabisa, na kwa mwanafunzi huo ndio ushauri wangu, anza na mashindano ya kuingia bure au chipu za mchezo zisizo na thamani ya pesa. Hata bora zaidi, jifunze nyumbani na marafiki watano kwa pakiti moja ya karata. Chipu mnazo tayari jikoni. Ndengu moja iwe 10, punje ya mahindi iwe 50, na haragwe liwe 100. Mpe kila mtu ndengu 10, mahindi manane na maharagwe 10: jumla ni 1,500 kamili. Kizibo cha soda kiwe kitufe cha mgawaji. Wekeni kengele ya simu ilie kila dakika 10, na ikilia blaindi zipande: 10 na 20, kisha 15 na 30, 25 na 50, 50 na 100, 75 na 150, 100 na 200. Punje za tano tano hamna, kwa hiyo kwenye 15, 25 na 75 zungusheni hesabu mpaka kumi iliyo juu. Msiweke pesa. Mkimaliza meza tatu au nne za namna hiyo mtakuwa mmeona kwa macho jinsi blaindi zinavyomla mtu anayengoja, na hakuna aliyepoteza kitu isipokuwa ndengu chache zilizoingia chini ya kiti.

Mwanzoni mwa shindano ufanye nini? Ukiwa na blaindi kubwa 40 au zaidi, tulia. Huna haja ya kuiba makapu madogo, maana kushinda 30 ukiwa na 1,500 hakukubadilishii kitu. Tafuta mikono inayoweza kushinda kapu kubwa kwa gharama ndogo. Ukiwa kati ya wale wa kwanza kuamua, cheza jozi za 10 kwenda juu, A na K, A na Q, nyingine tupa. Kadiri unavyokaribia kitufe ndivyo unavyoruhusiwa kuongeza, kwa sababu anayeamua mwisho ameshaona wenzake walichofanya. Faida ya kiti haionekani kwenye skrini, na wanaoanza huidharau. Karata zile zile mbili, tuseme K na 10, ni za kutupa ukiwa wa kwanza na ni za kupandisha ukiwa kwenye kitufe na wote wametupa.

Jozi ndogo, kama 4 mbili au 6 mbili, zina kanuni yake. Kati ya mara nane au tisa ambazo utaona flopi, mara moja tu utapata ya tatu inayofanana. Kwa hiyo zifuate pale tu bei iko chini, na pale wewe na mpinzani wako mna chipu za kutosha, angalau mara 15 ya bei hiyo, ili siku ya kupata ilipe siku za kukosa. Ukikosa kwenye flopi, tupa bila huruma.

Meza za kiingilio kidogo zina tabia moja inayozitofautisha na poka ya sinema: watu wanafuata mno. Mtu aliyelipa shilingi 100 anataka kuona karata, na ana jozi ya 5 anayoipenda. Kumdanganya mtu wa namna hiyo kwa kupandisha ukiwa huna kitu ni kumpa zawadi. Fanya kinyume: usipokuwa na mkono, nyamaza, ukiwa nao, dai bei nzuri. Tuseme kapu lina 300, una jozi ya juu, na unahisi mpinzani wako ana karata nne za alama moja akiisubiri ya tano huku imebaki karata moja kufunuliwa. Nafasi yake ya kuipata ni kama 20 katika 100. Ukiweka 50 tu, anatakiwa kulipa 50 ili ashindanie jumla ya 400. Anahitaji nafasi ya asilimia 12 na nusu, na anayo 20, kwa hiyo umemkaribisha. Ukiweka 200, analipa 200 kushindania 700. Anahitaji karibu asilimia 29, na hana. Atafuata hivyo hivyo, kwa sababu hao ndio watu wa meza hizi. Mara moja katika tano atakupiga na utalalamika, lakini mara nne zile nyingine ndizo zinazojenga lundo lako.

Je, hesabu hizo anazifanyaje mtu aliyekaa kwenye bodaboda akisubiri abiria? Kuna njia ya mkato. Hesabu karata zinazoweza kukuokoa. Kama zimebaki karata mbili kufunuliwa, zidisha kwa 4. Kama imebaki moja, zidisha kwa 2. Karata tisa za alama yako zikiwa bado hazijaonekana na imebaki moja kufunuliwa, 9 mara 2 ni 18, ambayo iko karibu sana na jibu halisi. Inatosha.

Blaindi zikipanda mpaka ubakiwe na blaindi kubwa kati ya 20 na 40, anza kuchukua blaindi za wengine. Wote wakitupa mpaka zamu ikufikie ukiwa kwenye kitufe au kiti kilicho kabla yake, pandisha kidogo, mara mbili na robo hivi ya blaindi kubwa. Kwenye blaindi za 50 na 100 unaweka 220 ili uchukue 150. Wakitupa mara sita katika kumi, umeshalipa gharama, hata kabla ya kuhesabu mara ambazo utafuatwa na bado ushinde. Chagua wa kumwibia. Mwenye mazoea ya kufuata kila kitu mwache, mwibie anayetupa sana. Programu nyingi hukuruhusu kuandika maelezo mafupi juu ya mchezaji. Tumia hiyo, hata maneno mawili tu: "anafuata" au "mwoga".

Ukiwa na kati ya 10 na 20, kupandisha kidogo na kisha kutupa kunakugharimu sana. Hapo silaha yako ni kusukuma chipu zote juu ya mtu mwingine aliyepandisha akiwa kwenye kiti cha kuibia. Yeye alikuja na K na 7 akitafuta blaindi. Ukisukuma zote ukiwa na A na J au jozi ya 8, mara nyingi ataziachia na umepata blaindi pamoja na dau lake. Fanya hivyo dhidi ya mwizi. Dhidi ya bwana anayecheza mkono mmoja kwa nusu saa, tupa.

Chini ya 10 mambo yanakuwa mepesi, na hapa ndipo wengi hukosea kwa woga. Mawili tu: sukuma zote au tupa. Usifuate dau na usipandishe nusu. Mwenye blaindi saba anayengoja A mbili ni sawa na mkulima anayekula mbegu huku akingoja mvua: A mbili hutokea mara moja katika mikono 221, na meza ya saa moja kwenye simu haizidi sana mikono 60 au 70.

Tuuangalie mkono mmoja kwa karibu. Blaindi ni 100 na 200. Una 1,900, yaani blaindi tisa na nusu, uko kwenye kitufe, wote wametupa, na una A na 8 za alama tofauti. Waliobaki ni wawili wa blaindi. Unasukuma zote. Tuseme katika mara kumi, saba wote wawili wanatupa: kila mara unapata 300, jumla 2,100. Mara tatu zilizobaki mwenye blaindi kubwa anakufuata na karata bora kuliko zako, na wewe unashinda mara 4 katika 10 tu. Kapu ni 3,900 (1,900 zako, 1,900 zake, na 100 za blaindi ndogo). Fungu lako la wastani ni 1,560, kwa hiyo kila mara unapofuatwa unapoteza wastani wa 340, jumla 1,020. Toa 1,020 kwa 2,100: umebaki na faida ya 1,080 kwa mara kumi, au 108 kila unaposukuma. Angalia kwamba faida yote imetoka kwa wale waliotupa. Anayesukuma ana njia mbili za kushinda: mwenzake atupe, au karata zimwokoe. Anayefuata ana moja. Ndiyo maana unaweza kusukuma na A na 8, lakini kufuata msukumo wa mwingine ukiwa na A na 8 hizo hizo mara nyingi ni kosa.

Halafu kuna mahali ambapo kanuni ya kukuza chipu inageuka juu chini: karibu na mstari wa zawadi. Rudi kwenye meza yetu ya watu tisa. Wamebaki wanne, watatu watalipwa, na kila mmoja ana 3,375. Kwa kuwa mko sawa, fungu la kila mmoja katika zile 810 ni shilingi 202.50. Jirani anasukuma zote na wewe una karata nzuri. Ukifuata na kushinda, una 6,750 na wenzako wawili wana 3,375 kila mmoja. Chipu zimekuwa mara mbili, lakini je, pesa? Nafasi yako ya kuwa wa kwanza ni nusu, ya kuwa wa pili ni theluthi moja, ya kuwa wa tatu ni sudusi. Zidisha kwa zawadi: 202.50 na 81 na 27, jumla 310.50. Umeweka rehani 202.50 ili ufikie 310.50, si 405. Ili dau hilo lijilipe, lazima ushinde zaidi ya mara 65 katika 100. A na K dhidi ya jozi ya Q haifiki hata nusu. Kwa hiyo hapo mkono ambao ungeufuata kwa furaha saa moja mapema, unautupa.

Lakini kwa kuwa kila mtu anaogopa mstari huo, mwenye lundo kubwa hula pale. Ukiwa na chipu nyingi kuliko wote, waweke kwenye mashaka wale wa katikati, ambao wana cha kupoteza na wanamtazama mwenye lundo dogo zaidi wakiomba atoke yeye kwanza. Usimsumbue aliyebakiwa na blaindi mbili. Huyo atafuata na chochote. Na usipambane ovyo na mwenzako mwenye lundo kama lako. Katika mashindano makubwa zaidi, ya watu mia moja na kitu, ambako kwa kawaida hulipwa asilimia 10 hadi 15 ya wachezaji na pesa nyingi ziko kwa watatu wa juu, fanya hivyo hivyo, kisha ukivuka mstari rudi kucheza kwa ushindi. Zawadi ya mwisho kabisa mara nyingi haizidi sana kiingilio.

Mambo ya simu hayana budi kutajwa. Mtandao ukikatika katikati ya mkono, programu inatupa karata zako na blaindi zinaendelea kukatwa. Ukiwa Tseikuru au bondeni ambako mtandao ni wa kubahatisha, usijiandikishe kwenye shindano la saa tatu. Chagua meza moja ya watu tisa. Chaji simu kabla, stima ina tabia zake. Angalia pia saa: mashindano mengi ya Ulaya yanaanza jioni yao, na kwetu hiyo ni saa nne au tano za usiku. Kama saa kumi na moja alfajiri unapeleka maembe sokoni au una zamu kazini, umeshajua jibu. Mashindano yanayoruhusu kununua chipu upya ukitolewa, yahesabu kwa gharama yake halisi: ukinunua mara tatu, kiingilio chako hakikuwa 100.

Kuhusu wanaouza "mbinu ya uhakika", programu ya kuona karata za wengine, au kikundi cha WhatsApp cha kucheza kwa kushirikiana: ya kwanza ni uongo, ya pili ni wizi wa namba yako ya siri, ya tatu itafanya akaunti yako ifungwe na pesa zishikwe. Usipakue programu ya poka kutoka kwa kiungo ulichotumiwa na mtu.

Utenge kiasi gani? Wachezaji wazoefu wa mashindano huwa na viingilio 50 hadi 100 kando kabla ya kukaa kwenye meza ya bei hiyo. Kwa kiingilio cha 100, hizo ni shilingi 5,000 hadi 10,000 ambazo hazina kazi nyingine yoyote duniani. Sababu si woga. Mchezaji wa kawaida kwenye meza ya tisa hukosa zawadi mara mbili katika tatu, na kukosa mara tano mfululizo humpata mtu mara 13 katika kila 100 bila kosa lolote lake. Nyumba nyingi za Kitui na Makueni hazina 5,000 zilizokaa bure, hasa kabla ya mavuno. Kama yako ni mojawapo, cheza za bure na za ndengu. Usichezee pesa za chama, wala karo, wala Fuliza. Mkopo wa simu unaanza kudai kabla meza yako haijafika mwisho.

Utasikia habari za Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani aliyefuzu kupitia shindano dogo la mtandaoni la dola 86, akaenda Las Vegas mwaka 2003 na kushinda dola milioni 2.5. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba walioshiriki shindano hilo la Las Vegas walikuwa 839, na 838 hawakushinda.

Amua kiasi cha mwezi mzima siku ya kwanza ya mwezi, ukiweke kwenye mipaka ya akaunti yako kama kampuni inaruhusu, na kikiisha funga programu hadi mwezi ujao. Ukiona unaficha simu nyumbani, unakopa ili kurudisha ulichopoteza, au hulali kwa sababu ya meza, acha kabisa na uzungumze na mtu. Laini ya ushauri nasaha ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199, na kuipiga hakulipishwi.